Figa Moja Haliinjiki Chungu
Jinsi wanafunzi waliobaguliwa Marekani walivyojiundia vyama vya kuwafikisha katika uhandisi na sayansi

Ndugu msomaji, mwaka 1964 binti mmoja mweusi kutoka jiji la Washington, aitwaye Shirley Ann Jackson, aliingia katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kile ambacho ulimwengu unakijua kwa herufi zake tatu, MIT. Alikuwa na umri wa miaka 18. Shuleni kwao alikuwa ameshika nafasi ya kwanza. Katika kundi lake la mwaka wa kwanza, lenye mamia ya wanafunzi, wasichana weusi walikuwa wawili tu, yeye na mwenziwe mmoja.

Usiku mmoja aliwakuta wasichana wenzake wa bwenini wamekaa pamoja wakifanya maswali yale yale aliyopewa yeye. Akakusanya karatasi zake, akaenda kuwaomba ajiunge nao. Wakamwambia aende zake. Akawaeleza kwamba nusu ya maswali ameshayafanya. Wakamwambia tena aende zake. Bibi Jackson ameisimulia habari hiyo kwa kinywa chake mwenyewe: kwamba alirudi chumbani akalia, kisha akafuta machozi akayamaliza maswali peke yake.

Huyo hakukata tamaa. Mwaka 1973 alipata shahada ya udaktari katika fizikia, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa shahada hiyo na MIT katika somo lolote. Tangu 1995 hadi 1999 alikuwa mwenyekiti wa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa vinu vya nyuklia, na baadaye akaongoza chuo kikuu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Habari kama hizo hutufurahisha, nasi hupenda kuwasomea watoto wetu. Lakini hapana budi tujiulize swali jingine. Kwa kila Shirley Jackson mmoja aliyefuta machozi akaendelea, ni wangapi waliofunga masanduku yao wakapanda basi kurudi kwao? Hao majina yao hayaandikwi magazetini. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya watu walioamua kwamba idadi yao ipunguzwe.

MLANGO ULIOFUNGWA KWA MIAKA MINGI

Ili tuielewe habari hii hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, sheria ilitenga shule za weusi na shule za weupe mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipotamka mwaka 1954 kwamba utengano huo ni kinyume cha katiba. Hata baada ya hukumu hiyo, majimbo mengi yaliburuta miguu kwa miaka zaidi ya kumi. Shule nyingi za weusi hazikuwa na maabara za kutosha wala masomo ya juu ya hisabati. Mtu atakuwaje mhandisi ikiwa hesabu alizofundishwa ziliishia njiani?

Vilikuwapo vyuo vichache vya weusi vilivyofundisha uhandisi, kama vile Howard, Tuskegee, Prairie View na vinginevyo. Vyuo hivyo vilifanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Lakini vyuo vikuu vikubwa vya majimbo, vile vyenye karakana, mitambo na maprofesa mashuhuri, vilikuwa karibu vyote ni vya weupe. Mweusi aliyeingia humo alikuwa kama mgeni asiyepokewa mzigo.

Mwaka 1964 ilipitishwa Sheria ya Haki za Raia. Mwaka uliofuata, 1965, Rais Lyndon Johnson alitoa amri namba 11246, iliyoyataka makampuni yanayofanya kazi za serikali yachukue hatua za dhahiri za kuajiri bila ubaguzi. Makampuni yakaanza kutafuta wahandisi weusi, wakagundua kwamba hawapo. Wangetoka wapi, ilhali kisima chenyewe kilikuwa hakijachimbwa?

Mwaka 1972 mkuu mmoja wa kampuni ya General Electric aliwaambia viongozi wa vyuo na viwanda kwamba idadi ya wahandisi kutoka jamii zilizoachwa nyuma yapasa iongezwe mara kumi. Kutokana na mazungumzo ya aina hiyo, mwaka 1974 liliundwa baraza la taifa la kushughulikia jambo hilo, lijulikanalo leo kwa kifupi cha NACME, ambalo hukusanya fedha za makampuni na kuzigawa kuwa misaada ya masomo.

Tusidanganyane, ndugu msomaji. Makampuni hayo hayakuamka asubuhi moja yakiwa yamejaa huruma. Yalihitaji mafundi na wataalamu, na sheria ilikuwa ikiwatazama. Lakini shilingi ya tajiri, hata akiitoa kwa sababu zake, humlipia mtoto wa kibarua karo. Jambo la maana ni kwamba fedha peke yake haikutosha. Jambo hilo liligunduliwa na wanafunzi wenyewe.

VIJANA SITA WA CHICAGO

Chuo Kikuu cha Purdue kiko katika mji mdogo wa West Lafayette, jimbo la Indiana. Ndicho alichosoma Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi mwaka 1969. Lakini miaka hiyo hiyo ambayo chuo hicho kilikuwa kikijivunia mwana wake aliyefika mwezini, vijana weusi walioingia mwaka wa kwanza wa uhandisi walikuwa hawafiki hata mwaka wa pili. Katika kila 10 walioingia, 8 waliacha masomo.

Tuitazame hesabu hiyo kwa macho ya mzazi. Mama anafua nguo za watu Chicago, baba anashinda kiwandani. Mtoto anaitwa chuo kikuu. Mtaa mzima unafurahi, kanisa linachanga nauli. Baada ya miezi michache mtoto yuko mlangoni na sanduku lake, hana la kueleza. Ulimwengu unasema: unaona, hawawezi. Naye kijana mwenyewe, hilo ndilo baya zaidi, anaanza kuamini.

Mwaka 1971 wanafunzi wawili wa Purdue, Edward Barnette na Fred Cooper, walimwendea mkuu wa kitivo cha uhandisi wakamwomba ruhusa ya kuanzisha chama cha wanafunzi weusi wa uhandisi, chenye shabaha mbili: kuwavuta wengine waje, na kuwazuia waliokuja wasirudi makwao. Mkuu alikubali. Akampa mwalimu mweusi pekee aliyekuwa katika kitivo hicho, Arthur Bond, kazi ya kuwa mlezi wao.

Chama kilianza kwa kusuasua. Kisha kikapata nguvu mpya mikononi mwa vijana sita, wote watoto wa Chicago: Anthony Harris, Brian Harris, John Logan, Stanley Kirtley, Edward Coleman na George Smith. Hao waliliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona. Waliona kwamba mahali pengi nchini pana wanafunzi weusi wawili watatu wa uhandisi, kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. Wakasema: tuwaandikie.

Anthony Harris, aliyekuwa mwenyekiti, akaandika barua kwa vyuo 288 vya uhandisi vya Marekani. Katika barua hiyo alieleza chama chao, akaomba apewe majina ya viongozi wa wanafunzi weusi na ya waalimu wanaowasaidia. Hapakuwa na mtambo wa kisasa wa kutuma habari kwa dakika moja. Yalikuwa mambo ya taipu, bahasha na stempu. Vyuo vipatavyo 80 vilijibu.

Tarehe 10 hadi 12 Aprili 1975, wanafunzi 48 kutoka vyuo 32 walikutana Purdue. Hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Taifa cha Wahandisi Weusi, kijulikanacho kwa kifupi NSBE. Kwa alama yao walichagua mwenge. Sisi tuliokua tukiushangilia Mwenge wa Uhuru ukipita vijijini na mijini tangu ulipowashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961 hatuhitaji kufasiriwa maana yake.

Wanafunzi 48 ni wachache. Hawajazi hata basi moja la mjini siku ya kazi. Lakini leo chama hicho kina matawi mamia na wanachama maelfu, ndani na nje ya Marekani, Afrika pia ikiwamo. Nacho kina jambo moja la kupigiwa mfano: tangu mwanzo kimeongozwa na wanafunzi wenyewe. Mwenyekiti wa taifa hutoka miongoni mwao. Wahandisi waliokwisha kuhitimu wana idara yao, lakini usukani umo mikononi mwa vijana. Kwa njia hiyo mtoto aliyekuja kujifunza mitambo hujifunza pia kuendesha mkutano, kutunza hesabu ya fedha na kusimama mbele ya watu bila kutetemeka.

Tangu mwaka 2007 chama hicho kimekuwa na kambi za likizo kwa watoto wa shule za msingi, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu huwafundisha wadogo zao kuunda vitu kwa mikono. Mtoto hamwoni mhandisi katika picha tu. Anamwona mtu wa rangi yake, wa mtaa kama wake, akishika bisibisi na kumwambia: jaribu wewe.

NDUGU WENGINE KATIKA SAFARI

Weusi hawakuwa peke yao katika dhiki hiyo, wala katika jitihada hiyo. Mwaka 1973 wanasayansi wenye asili ya Meksiko na wale wa makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani waliunda jumuiya yao, SACNAS. Mwaka 1974 kundi la wahandisi walioajiriwa na jiji la Los Angeles lilianzisha chama cha wahandisi wenye asili ya nchi zisemazo Kihispania, SHPE. Hao walikuwa watumishi wa kawaida wa jiji. Baada ya saa za kazi walikaa wakajiuliza: mbona ofisini tu wachache hivi, na watoto wetu mitaani ni wengi hivi?

Mwaka 1977 kikafuata chama cha wanasayansi na wahandisi wa makabila ya wenyeji wa asili, AISES. Chama hicho kina jambo ambalo msomaji wetu atalipenda: kina Baraza la Wazee. Vijana wanaosoma kompyuta na kemia hukaa pamoja na wazee wa makabila yao. Wao hawakubali kwamba mtu akitaka kuwa mwanasayansi sharti kwanza aivue ngozi ya kwao. Kwa muda mrefu shule za serikali ziliwafundisha watoto wa makabila hayo kuzionea haya lugha na mila zao. Baraza hilo ni jibu kwa mafundisho hayo.

DARASA LA KALKULASI

Sasa nakuomba, ndugu msomaji, unifuate mpaka pwani ya magharibi, kwenye Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Huko, katika miaka ya 1970, mwalimu kijana wa hisabati, Uri Treisman, alisumbuliwa na jambo moja. Katika darasa la kalkulasi, yaani hisabati ya vitu vinavyobadilika bila kukoma, wanafunzi weusi walikuwa wakianguka kwa wingi. Kalkulasi ndiyo kizingiti cha uhandisi. Aangukaye hapo hana njia ya kupita.

Aliwauliza waalimu wenzake sababu. Wakamtajia zile zile ambazo hata wewe umepata kuzisikia: vijana hawana bidii, hawakuandaliwa vema shuleni, wazazi wao hawajali elimu, na umaskini umewabana. Treisman hakutosheka na maneno. Alichagua wanafunzi weusi 20 na wanafunzi 20 wenye asili ya Kichina, ambao walikuwa wakifaulu, akawafuata mabwenini na maktabani aone wanavyoishi na wanavyosoma.

Alikuta sababu zile zote hazisimami. Vijana weusi walikuwa na bidii. Wengi walikuwa nyota za shule zao. Wazazi wao walikuwa wamejinyima mengi ili wao wasome. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Vijana weusi walisoma peke yao. Walitumia kama saa 8 kwa juma, sawasawa na walivyoagizwa na mwalimu, kila mtu chumbani mwake, mlango umefungwa. Masomo na urafiki vilikuwa vitu viwili mbalimbali, kama mafuta na maji.

Wale wa asili ya Kichina walitumia kama saa 14. Kwanza kila mmoja alifanya maswali peke yake. Kisha jioni walikutana, wakala pamoja, wakalinganisha majibu. Aliyekosea alionyeshwa. Swali lililowashinda wote walijua kwamba ni gumu kweli, wala si kwamba mmoja wao ni mjinga. Kijana mweusi, chumbani mwake, hakuwa na njia ya kulijua hilo. Kila swali lililomshinda alilihesabu kuwa ushahidi dhidi yake.

Na hapa ndipo pana uchungu. Kwa nini walisoma peke yao? Kwa sababu huko walikotoka, kusoma peke yao ndiko kulikowaokoa. Katika shule walizosoma, zenye vishawishi vingi na wenzao waliokata tamaa, aliyefaulu ni yule aliyejitenga. Silaha iliyomvusha mto wa kwanza ndiyo ikawa jiwe shingoni mwake alipofika mto wa pili. Hakuna aliyemwambia kwamba wakati umefika wa kuiweka chini.

Treisman na wenzake hawakuanzisha masomo ya kuwasaidia wanyonge. Mwaka 1978 walianzisha vikundi vya kazi, wakawaalika vijana hao kama watu wenye uwezo mkubwa, wakawapa maswali magumu kuliko yale ya darasani, wayafanye kwa pamoja, huku mwalimu akipita katikati yao kama fundi apitaye kati ya wanagenzi. Matokeo yakabadilika. Wanafunzi weusi walioshiriki walianza kuwapita wengi ambao hawakushiriki, wa rangi zote. Walioanguka wakawa wachache. Vyuo vingine vikaiga.

Hebu tupime jambo hilo. Damu za vijana hao hazikubadilishwa. Wazazi wao hawakubadilishwa, wala mitihani haikulegezwa. Kilichobadilishwa ni namna ya kukaa.

KUTOKA BALTIMORE HADI CHANJO

Mfano wa mwisho uko karibu na mji wa Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Maryland, tawi la Kaunti ya Baltimore. Huko, mwaka 1988, tajiri Robert Meyerhoff na mkewe Jane walitoa fedha za kuanzisha mpango wa kuwasomesha sayansi vijana weusi. Aliyeuongoza ni mwanahisabati mweusi, Freeman Hrabowski, mzaliwa wa Birmingham, Alabama. Mwaka 1963, akiwa mtoto wa miaka 12, Hrabowski alitiwa ndani kwa siku tano kwa kuandamana pamoja na watoto wenziwe kudai haki. Mtu wa namna hiyo haogopi maneno.

Hrabowski hueleza desturi ya zamani ya vyuo vya sayansi, ya kuwaambia wanafunzi wapya: tazama aliye kulia kwako, tazama aliye kushoto, mmoja wenu hatahitimu. Yeye aliigeuza. Aliwaambia vijana wake watazamane, kisha wajue kwamba shabaha ni wote wahitimu, na mmoja akianguka ni aibu ya wote.

Mpango huo huanza kabla ya chuo kufunguliwa. Wanafunzi wapya huishi pamoja kwa majuma sita wakati wa kiangazi, wakisoma hisabati na kujifunza kuamka mapema, kutunza saa na kuulizana. Kusoma kwa vikundi si hiari. Kila mmoja hupelekwa katika maabara afanye utafiti wa kweli chini ya mwanasayansi. Aliyepata alama hafifu katika somo la msingi hushauriwa alirudie, hata kama amelifaulu, maana msingi mbovu hauwezi kubeba ghorofa. Wazazi nao huitwa na kushirikishwa. Baadaye mpango ulipokea wasichana, na tangu 1996 ulifunguliwa kwa vijana wa rangi zote walio tayari kusaidia kazi hiyo. Umekwisha kutoa mamia ya wenye shahada za udaktari.

Mmoja wao ni Kizzmekia Corbett, binti wa North Carolina. Alipokuwa sekondari, mpango wa Chama cha Kemia cha Marekani uitwao SEED, ambao huwapa kazi za maabara wakati wa likizo vijana wa familia zenye kipato kidogo, ulimpeleka katika maabara ya chuo kikuu. Kisha akaingia mpango wa Meyerhoff, akahitimu mwaka 2008. Mwaka 2014 alipata shahada ya udaktari, akaajiriwa katika kituo cha serikali ya Marekani cha utafiti wa chanjo. Ugonjwa wa korona ulipozuka, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ya kutengeneza chanjo pamoja na kampuni ya Moderna. Majaribio kwa binadamu yalianza tarehe 16 Machi 2020, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo chanjo ikaidhinishwa kutumika Marekani.

Ukiifuata kamba hiyo kwa nyuma utakuta jambo la ajabu. Katika miaka ya 1980 mpango wa SEED uliongozwa na mzee Walter Lincoln Hawkins, mkemia mweusi aliyeingia maabara za Bell mwaka 1942, akiwa mweusi wa kwanza kupewa kazi ya mwanasayansi humo. Yeye ni mmoja wa waliogundua namna ya kuikinga plastiki ifunikayo nyaya za simu isipasuke kwa jua na baridi, hata nyaya zikadumu miaka mingi. Alifariki mwaka 1992, Corbett akiwa mtoto mdogo. Hawakupata kuonana. Lakini mlango aliousimamia mzee yule ndio aliopitia binti huyu.

MANENO YA WAPINZANI

Haingekuwa haki kuificha sehemu ya pili ya habari. Katika Marekani wako wanaosema kwamba kumsaidia mtu kwa kutazama rangi yake ni ubaguzi mwingine. Mwaka 1996 wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kupiga marufuku upendeleo wa aina hiyo katika vyuo vya jimbo lao. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba vyuo visitumie rangi kama kigezo cha kuwachagua wanafunzi. Na Januari 2025 Rais Donald Trump aliifuta ile amri ya mwaka 1965 ya Rais Johnson, baada ya karibu miaka 60, akaagiza pia idara za serikali zifunge mipango ya aina hiyo.

Hoja ya usawa mbele ya sheria si hoja ya kubezwa. Lakini aitoaye hapana budi ajibu swali moja. Katika Marekani weusi ni kama 13 katika kila watu 100. Katika wanaopata shahada ya kwanza ya uhandisi, hawazidi sana 5 katika kila 100. Ikiwa njia ni sawa kwa wote, mbona wafikao si sawa? Tena vyama hivi havikuomba mtihani urahisishwe. Viliomba watu wakae pamoja, wapate mlezi, na karo isiwarudishe nyumbani.

TUJITAZAME SISI

Huenda wewe, ndugu msomaji, uliyerudi kutoka zamu kiwandani au sokoni, unasema: hayo ni ya Marekani, mimi yanihusu nini? Yanakuhusu jioni hii hii, sebuleni kwako.

Mtoto wako anapokuja na alama mbaya za hisabati, neno la kwanza litokalo kinywani mwako ni lipi? Ukimwita mzembe, umesema kama wale waalimu wa Berkeley kabla hawajatazama. Muulize anasoma na nani. Mwache kwanza ayafanye maswali peke yake, maana anayekwenda kikundini mikono mitupu huenda kunakili tu. Kisha mruhusu awaite wenzake. Wape meza na taa. Chai na mihogo ya kuchemsha havitakufilisi. Watapiga kelele, lakini kelele za watu wanaobishana juu ya hesabu ni kelele za heri.

Binti naye akumbukwe. Ikiwa kaka zake wako mezani na vitabu, naye yuko jikoni na masufuria mpaka usiku, tusije tukashangaa matokeo yakija. Huyo tumemwambia aende zake, kama alivyoambiwa Shirley Jackson, ila sisi tumetumia sauti ya upole.

Na wewe uliyekwisha kuhitimu, fundi mchundo, mhandisi, mwuguzi, mwalimu, nawe una deni. Wale watumishi wa jiji la Los Angeles hawakuwa matajiri. Walikuwa na jioni zao tu. Katika mtaa wako yuko kijana wa kidato cha tatu ambaye hajawahi kuzungumza na mhandisi hata mmoja. Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha kuanza.

Wazee wetu walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Akili ya mtoto ni figa la kwanza, na Mungu amewapa wengi. Figa la pili ni wenzake. La tatu ni mkubwa aliyetangulia, anayegeuka nyuma kutazama nani anafuata. Mtoto wako analo moja tayari. Hayo mawili yaliyobaki, jioni hii tazama yako wapi.